Jina la Yirdaw Mhunzi

Enguday hakuwa mwanamke wa kuombaomba. Tangu siku aliposhuka kwenye ndege pekupeku, akiwa na binti yake peke yake kati ya watu wanne, mume na watoto, aliotoka nao nyumbani, hakuomba kiti, hakuomba blanketi, wala hakuomba dawa ya jino lililomsumbua msimu mzima wa baridi. Lakini mwaka ule Wubit alipochumbiwa, aliomba kitu kimoja, na alikiomba kwa kila mwenye masikio: siku ya ndoa, mkataba utakaposomwa mbele ya watu, binti yake aitwe kwa jina la baba yake. Wubit binti Yirdaw. Basi. Wakishasema hivyo, wapike wapendacho na wacheze wapendavyo.

Jambo dogo, utasema. Kila bibi harusi ana baba. Lakini Yirdaw alizikwa kwa jina lisilo lake.

Yirdaw alikuwa mhunzi katika milima ya Gondar. Majembe yake yalitafutwa mpaka vijiji vya mbali, na Wakristo waliomtukana asubuhi ndio waliokuja jioni kumbembeleza awanolee plau. Enguday alifinyanga vyungu. Walikaa bondeni kando ya mto, na haikuwa kwa bahati. Watu wetu, wa Nyumba ya Israeli, hawakujenga mbali na maji, kwa sababu ukiguswa na mtu wa mataifa, asiye wetu, ulikuwa huingii nyumbani mwako mpaka uzame mtoni mzima, nguo na nywele, kisha ukae kando kusubiri jua lizame. Iwe baridi, iwe una homa, hakuna aliyeuliza. Ndivyo baba zetu walivyoishi katikati ya watu wengi kuliko wao bila kuyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi.

Sokoni Enguday aliweka bakuli la maji mbele ya vyungu vyake. Mnunuzi alidondosha hela humo, na Enguday aliitoa ikiwa imeshaoshwa. Kulikuwa na mama mmoja wa kijiji cha juu, Tiruye, mnene, mwenye mdomo, ambaye hakuwahi kununua kitu bila kwanza kumchokoza.

"Wee fisi, chungu hiki bei gani?"

Maana Wakristo walisema kwamba sisi wafinyanzi na wahunzi hugeuka fisi usiku tukafukue makaburi yao.

"Bei yake ile ile ya wiki jana. Weka hela majini, halafu rudi nyuma, usije ukaning'ang'ania mkia."

"Mnanuka maji nyinyi, jamani! Watu gani wa kuoga kila saa?"

"Nawe unanuka nini, dada? Nikwambie au unajua?"

Tiruye alicheka mpaka matiti yakatikisika, akabeba chungu chake. Miaka kumi na zaidi walitaniana hivyo bila kugusana hata kidole. Haikuwa chuki. Kila mmoja alijua mpaka wake ulipo, na Enguday alijua yeye ni nani kila alipozama kwenye yale maji ya baridi.

Ulipokuja mwaka wa njaa kubwa, na habari zikapita nyumba kwa nyumba kwamba njia ya Yerusalemu imefunguka kupitia Sudani, Yirdaw alifunga nyundo yake kwenye nguo akasema twende. Walitembea na wanao watatu, Wubit na wavulana wawili wadogo, wakijificha mchana kwenye vichaka. Walipofika kambi ya wakimbizi kule Sudani walionywa: asijulikane mtu kwamba ni wa Nyumba ya Israeli. Basi Yirdaw akaandikishwa kwa jina la Kikristo, Gebre-Maryam, mtumwa wa Mariamu. Alilitaja kwa karani wa kambi bila kupepesa jicho, kisha akaenda nyuma ya hema akatapika.

Mwanzoni waligawiwa nafaka mbichi, na Enguday alipika mwenyewe kwenye mawe yake. Baadaye nafaka ikakoma, ukaja uji uliopikwa kwenye mapipa na watu wa mataifa, pamoja na vipande vya nyama isiyojulikana nani aliichinja. Enguday aliwanywesha wanawe uji ule kwa mkono wake, kwa sababu sheria yenyewe inasema uhai unatangulia. Yirdaw alikataa.

"Baba Wubit, kula. Mungu anaona tulipo."

"Ndiyo maana sili," alisema. "Anaona."

"Hata Kes Wande, kasisi wetu, amekula!"

"Kes ana dhambi zake, mimi nina zangu."

Alikufa akiwa amebaki mifupa na macho, na wale wavulana wawili walimfuata kwa kuhara, ingawa wao walikula. Wachimba makaburi wa kambi walimfukia mchangani. Mmoja akauliza jina, na Enguday ikambidi aseme Gebre-Maryam. Sala aliisema moyoni, midomo imefungwa, wageni wamemzunguka. Tangu siku ile hapakuwa na mahali popote duniani ambapo jina la Yirdaw lilitamkwa kwa sauti mbele ya mashahidi.

Sasa umeelewa aliomba nini.

Huku kwenye nchi ya Israeli waliwekwa katika jengo refu la wageni, mji wa kusini, jangwani, ambako upepo huleta vumbi mpaka ndani ya sahani. Makarani waliwapa watu majina mapya kama wanaogawa sare. Wubit akawa Yafa. Enguday walimwandika jina ambalo hakuliitikia hata siku moja, wakachoka wenyewe. Wubit alijifunza lugha upesi, akapata kazi kwenye kiwanda cha soksi, na huko akaonana na Asmare, mtoto wa Berihun, watu wetu kabisa, wa bonde la pili. Enguday alifurahi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alichagua mpaka nguo.

Ndipo walipoenda ofisi ya ndoa.

Karani alikuwa kijana mpole mwenye ndevu chache. Aliongea na Tewabech, mwanamke wetu aliyetangulia kuja na ambaye kazi yake pale ilikuwa kutafsiri. Tewabech alisikiliza, akashusha pumzi, akageuka.

"Shangazi, wanasema kabla ya ndoa wewe na Wubit mtaingia kwenye bwawa la utakaso. Mara moja tu. Mbele ya marabi watatu."

"Kujitakasa na nini? Tumeguswa na nani?"

"Si hivyo." Tewabech alikuna shingo. "Wakubwa wa dini wana wasiwasi. Wanasema tulikaa mbali miaka mingi mno, labda babu zetu walioana na watu wa mataifa bila utaratibu. Kwa hiyo kila mtu aingie majini kama anayeingia dini upya. Kwa tahadhari tu."

Enguday alimwangalia yule kijana kwa muda, toka kofia mpaka viatu.

"Mwambie," alisema, "mume wangu alikufa kwa kukataa uji wa watu wa mataifa. Muulize yeye alikufa akiwa nani."

Tewabech alitafsiri. Kijana aliinamisha kichwa, na alipojibu sauti ilikuwa ya chini. Alisema anasikitika sana. Alisema pia kwamba bila maji hakuna ndoa.

Kutoka pale Enguday alikwenda moja kwa moja kwa Kes Wande. Makasisi wetu, ambao sisi huwaita kes, ndio waliotupokea tulipozaliwa, wakatuoza na kutuzika tangu enzi za enzi. Alimkuta ameketi ngazini mwa jengo, kilemba cheupe kichwani, mwavuli umesimama katikati ya magoti, anatazama magari.

"Kes, wewe uliniozesha kwa Yirdaw. Muozeshe binti yangu, tumalize."

Mzee hakuinua macho. "Binti yangu, huku hata nikimuozesha kuku kwa jogoo, ndoa haitaandikwa. Wameniambia mimi si rabi. Wamenipa kadi ya basi, napanda bure."

"Na wewe uliingia majini?"

Mzee aligeuza mwavuli katikati ya magoti, akarudi kutazama magari, na Enguday hakuuliza mara ya pili.

Mamit, mama yake Asmare, hakuwa na subira. Alikuja na kahawa yake mkononi, akajimwaga kwenye kitanda cha Enguday kama kwake.

"Shemeji, mwanangu hawezi kungoja mpaka aote mvi. Sisi tumeshaingia, tumetoka, ngozi ni ile ile. Kule ulikuwa unaoga kila siku ya soko. Leo maji yanakuuma?"

"Kule nilioga nisiwe kama wao. Hapa nioge niwe kama nani?"

"Maneno tu hayo! Wasichana wako wengi, mama."

"Basi mpeleke kwa hao wengi, tuone nani atamvumilia na kukoroma kwake. Wubit kanisimulia anavyolala kwenye basi la kiwanda."

Wote wawili walicheka, maana Asmare alikoroma kweli. Lakini Mamit alipoondoka, Wubit alikuwa ameegemea ukuta, anafuta macho kwa kiganja.

"Mama, mimi sina mtu mwingine. Wewe una baba, yuko nawe kila saa. Mimi nina nani?"

Hilo lilimwingia Enguday. Aliwaza siku nzima akiwa ameshika tama, na kesho yake akaamka uso mweupe. Alikuwa ameipata njia. Maji yenyewe hana ugomvi nayo, alimwambia binti yake. Atazama kama alivyozama maisha yake yote. Makarani na manesi wa huku wanawashikashika tangu uwanja wa ndege, wengine wanavuta sigara siku ya Sabato, wengine wanakula chochote. Nani ajuaye nyumba zao? Ataingia kwenye bwawa lile ajioshe mikono yao. Marabi wafikiri wanachotaka kufikiri.

"Lakini usiseme, mama," Wubit alimsihi. "Wakikuuliza, sema ndiyo. Neno moja."

"Nitajibu watakachoniuliza."

Bwawa lilikuwa kwenye jengo dogo lenye vigae na harufu ya dawa ya sakafu. Msimamizi wake, Freha, mama wa Kimoroko mwenye mikono minene, alimkagua Enguday kucha, masikio na mashimo ya pua kama mbuzi wa mnada, akamfungua misuko aliyoisuka tangu alfajiri, akamvika shuka pana, kisha akamshika mkono kumshusha ngazi. Wubit alibaki kwenye benchi la korido akisubiri zamu yake. Marabi watatu walisimama mlangoni, nyuso zimegeukia ukuta kwa heshima, na Tewabech akakaa kwenye ngazi ya juu.

Maji yalikuwa ya vuguvugu. Hilo lilimshangaza Enguday kuliko yote. Hakuwahi kujua maji ya utakaso yasiyouma.

Rabi mkubwa, mzee mwenye kikohozi, aliuliza jambo refu. Tewabech akalifupisha. "Anauliza, unajitia majini kwa nia ya kuingia katika watu wa Israeli na kubeba amri zao?"

Enguday, maji yamemfika kidevuni, alitafuta neno moja aliloagizwa na binti yake. Alilitafuta kweli. Lakini ndani ya maji hajawahi kusema uongo tangu azaliwe. Aliona kama akisema uongo mle, hapatabaki pa kuosha kitu.

"Mwambie," alisema, "amri nilizibeba kabla baba yake hajamuoa mama yake. Niko hapa kwa sababu huyu mama amenishika mkono, na simjui ni wa watu gani. Najiosha mkono wake. Ndiyo nia yangu."

Tewabech alifumba macho. "Anasema ndiyo," aliwaambia marabi.

Rabi wa pili, kijana zaidi, akasema, "Kwa ndiyo moja maneno yalikuwa mengi. Amesema nini hasa?"

Tewabech alikuwa mcha Mungu. Kuwadanganya makarani angeweza, na aliwadanganya mara nyingi kwa faida ya watu wetu. Kuwadanganya marabi watatu juu ya maji ya utakaso, hapo hakuthubutu. Akasema yote.

Freha ndiye aliyelipuka kwanza. "Mimi? Mimi nimnajisi yeye? Mimi binti wa Marrakesh, babu yangu alikuwa mwalimu wa Torati! Toka humo! Toka kwenye maji yangu!"

"Anasema nini?" Enguday aliuliza.

"Anasema utoke, shangazi."

Rabi mzee hakukasirika. Alipokuwa Enguday ameshavaa na maji yanamdondoka kwenye shingo, alimfuata kwenye korido, akazungumza huku anatazama sakafu. Tewabech akatafsiri kwa sauti ya kulia. Alisema hawasemi kwamba si Waisraeli. Alisema ni shaka ndogo tu, na shaka ikiisha, hakuna atakayeuliza watoto wao tena. Lakini maji bila nia si kitu. Mama huyu atapaswa kurudi siku nyingine, akiwa tayari.

"Muulize," alisema Enguday. "Mtu akija kwake na shaka kwamba mtoto huyu si wangu, anataka nimrudishe tumboni nimzae tena?"

Mzee alisikia, akakohoa, akarudi kwa wenzake.

"Twende, Wubit," Enguday alisema. "Tumemaliza hapa."

Wubit hakusimama. Alikuwa amekaa na taulo mapajani, amelikunja mara nyingi mpaka likawa dogo.

"Mama, nimechoka."

"Tutapumzika nyumbani."

"Nimechoka kuwa wa kwenu peke yenu." Ndivyo alivyosema. Kisha akainuka, si kuelekea mlango wa nje, akampa Freha mkono. Freha aliushika taratibu, maana hata yeye alikuwa mama.

Enguday alibaki amesimama kwenye korido. Alisikia swali lile refu likiulizwa. Alisikia neno moja, dogo, la lugha ya huku, bila mtafsiri. Kisha maji yakafunga juu ya kichwa cha binti yake, yakafunguka, yakafunga tena.

Ndani ya basi hawakugombana. Enguday alichungulia jangwa mpaka karibu wafike.

"Umeshafanya. Sitakusema," alisema. "Kitu kimoja tu. Jina la baba yako lisomwe."

"Litasomwa, mama."

"Apa."

"Naapa kwa Yerusalemu."

Basi kuanzia siku hiyo Enguday alifanya yote yampasayo mama wa bibi harusi. Alipika mchuzi wa kuku mwekundu wa pilipili, akagombana na unga wa huku usiokubali kuchacha, akaishona nguo nyeupe ukingo wa nyuzi za rangi. Wiki ya mwisho Wubit alirudi ofisini kutia sahihi, na tangu hapo akawa hataki chakula. Enguday alidhani ni hofu ya kuolewa.

Ukumbi ulijaa. Watu wa Berihun walikuja na ngoma, na wasichana wa kiwandani walikuja na viatu virefu. Bibi na bwana harusi walisimama chini ya kitambaa kilichoshikiliwa kwa fito nne, na rabi mgeni, aliyevaa koti jeusi, akafungua mkataba, akaanza kusoma kwa lugha ambayo hata Tewabech hakuijua yote. Enguday alisimama mbele kabisa, mikono kifuani. Hakutaka kuelewa. Alingoja neno moja tu, akaitegea sikio sauti ile kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni njiani.

"Asmare mwana wa Ibrahimu baba yetu," alisoma rabi.

Enguday alikunja uso. Baba yake Asmare ni Berihun, yule pale, anajifuta jasho kwa leso. Kila mtu anamjua. Wamekosea, alidhani, na akamhurumia Mamit.

Rabi aliendelea, akavuta pumzi. "Na Yafa binti Ibrahimu baba yetu."

"Amesoma nini?" Alimshika Tewabech kwenye kiwiko. "Yirdaw yuko wapi?"

"Shangazi, si makosa." Tewabech alinong'ona huku anatazama viatu vyake. "Aliyeingia majini anahesabiwa amezaliwa siku hiyo. Hana baba wa zamani. Anaandikwa mtoto wa Ibrahimu. Ni heshima, ni baba yetu sote."

"Wote wawili?"

"Wote."

"Basi wanaozesha ndugu wawili." Hakuna aliyecheka. "Wubit alijua?"

Chini ya kile kitambaa Wubit alikuwa amempa mama yake kisogo, na kisogo kile kilikuwa kimekakamaa. Ni wazi alisikia swali, na hakugeuka.

Enguday hakupiga kelele za msiba wala hakuanguka. Alinyoosha shuka lake begani, akapaza sauti ile aliyoitumia sokoni.

"Wubit binti Yirdaw!"

Watu waligeuka. Rabi alimtupia jicho, akaongeza sauti, akaendelea kusoma.

"Yirdaw mwana wa Tazazu! Tazazu mwana wa Bitew!"

Alikuwa anajua mpaka wa saba, kama kila mtu wetu aliyelelewa, maana bila kuwataja hao saba hakuna mtu aliyeoa wala kuolewa bondeni kwetu. Mtu mmoja mlangoni akadhani ni shangwe, akaanza kupiga vigelegele, na wengine wakamfuata. Ngoma ikaingia. Bwana harusi akavunja glasi kwa kisigino, kama ilivyo desturi ya huku. Rabi akakunja mkataba akautia kwenye bahasha.

Kes Wande alikuwa ameketi pembeni kwenye kiti cha plastiki. Midomo yake ilikuwa inacheza pamoja na Enguday, jina kwa jina, lakini sauti haikutoka.

Enguday alipofika kwa babu wa saba, viti vilikuwa vinasogezwa kupisha wachezaji, na mtu aliyekuwa karibu naye kabisa alikuwa anamuuliza kama kuna mchuzi uliobaki jikoni. Mamit alikuja akamvuta upindo wa nguo, akitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Kaa chini, shemeji. Unatuaibisha."

Enguday alimalizia jina la mwisho, kisha akakaa.